Easofti kwa anayeanza: nguvu ya bunduki siyo umbali wa gololi

Swali: "Marafiki zangu wamenialika kucheza easofti mwezi ujao. Sijawahi kucheza hata siku moja. Muuzaji mmoja mtandaoni ananishauri ninunue bunduki ya umeme ya 'futi 450', anasema ndiyo inayofika mbali na sitahitaji nyingine tena. Mimi huvaa miwani ya macho, na ninayo miwani nyeusi ya plastiki ngumu ambayo nadhani itatosha kwa kinga. Mke wangu anahofia macho yangu na ameniomba niachane na mambo haya. Je, ni kweli gololi zinaumiza? Na kwa kuwa fedha ni kidogo, nianze kununua nini?"

Jibu: Ndugu yangu, kati ya mke wako na muuzaji wako, anayeuelewa mchezo huu zaidi ni mke wako, hata kama hajawahi kuuona ukichezwa. Hofu yake ina msingi. Lakini siyo hofu ya kukubakiza nyumbani. Inaondoka ukinunua kitu sahihi kabla ya vingine vyote, na kitu hicho siyo bunduki.

Kwa asiyeufahamu, easofti ni mchezo wa makundi yanayowindana kwa bunduki bandia zinazorusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6. Ulianzia Japani, nchi ambayo sheria zake hazimruhusu raia wa kawaida kumiliki bastola, na bunduki za umeme zinazotumika leo ni uzao wa ile iliyotolewa na kampuni ya Tokyo Marui mwaka 1991. Gololi haiachi rangi kwenye nguo kama ilivyo kwenye peintiboli, kwa hiyo anayepigwa hujitangaza mwenyewe.

Tuanze na miwani yako nyeusi. Usiivae uwanjani. Miwani ya jua ina uwazi pembeni na chini, na gololi hazijui kuja kwa mbele tu. Baya zaidi, lenzi ambayo haikutengenezwa kupokea pigo hupasuka vipande, na vipande hivyo viko sentimita mbili tu kutoka kwenye jicho. Miwani yako ya macho ni vivyo hivyo: kazi yake ni kukuonesha, haikupimwa kwa mapigo. Mpira wa miguu ukikugonga usoni, mifupa inayozunguka jicho huupokea kwanza. Gololi ni ndogo mno kwa kinga hiyo ya asili. Hupita katikati ya mifupa na kulifikia jicho lenyewe.

Unachotafuta ni miwani ya kinga inayozunguka macho yote na kugusa ngozi pande zote, yenye kamba ya kichwani. Kisha soma alama zilizochapwa kwenye lenzi au fremu. Kwa kiwango cha Marekani tafuta "Z87+", na hiyo alama ya kujumlisha ndiyo inayoonesha kwamba imepimwa kwa pigo kali. "Z87" tupu haitoshi. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 166, tazama herufi. F inamaanisha lenzi ilistahimili kigololi cha chuma cha milimita 6 kikienda mita 45 kwa sekunde, ambacho ni nishati isiyofika hata jouli 1. B ni kigololi hichohicho kwa mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli 6. Bunduki nyingi uwanjani ziko kati ya jouli 1 na 2, kwa hiyo chukua B. Isiyo na alama yoyote, hata muuzaji aisifu vipi, iache dukani.

Kwa kuwa unavaa miwani ya macho, tafuta aina yenye kina cha kutosha kukaa juu yake, au yenye nafasi ya kupachika lenzi ndogo za daktari kwa ndani. Ijaribu dukani ukiwa umevaa miwani yako, utikise kichwa, uiname. Ikisukuma fremu yako puani, baada ya nusu saa utatamani kuivua, na hapo ndipo ajali hutokea.

Sababu kubwa inayowafanya watu wavue kinga katikati ya mchezo ni ukungu. Pumzi na jasho lako ni mvuke wa joto. Mvuke huo ukigusa lenzi iliyo baridi kuliko uso wako, unageuka matone. Dawa yake ni lenzi ya tabaka mbili yenye hewa katikati, matundu ya hewa juu na chini, na kutokufunika pua kwa kitambaa kinachorudisha pumzi juu. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, likipakwa kwa ndani na kupanguswa kwa kitambaa laini hadi lisionekane, husaidia kwa saa chache; lakini kama lenzi ina rangi ya kuzuia ukungu ya kiwandani, usiiguse kwa sabuni. Ukishindwa kuona kabisa, inua mkono, jitangaze umetoka, tembea hadi eneo la salama, ndipo uvue. Ziko pia miwani za wavu wa chuma ambazo hazishiki ukungu. Wenye uzoefu wengi huzipenda. Kwa anayeanza sizishauri, maana gololi duni ikigonga chuma huweza kuvunjika na chembe zake kupenya kwenye matundu.

Baada ya macho, meno. Gololi ya karibu inaweza kulikata jino la mbele, na jino halioti tena. Kinga ya nusu uso inayofunika mdomo na masikio, ya wavu au ya mpira, inatosha. Viatu vinavyoshika kifundo cha mguu vinafuata, kwa sababu majeraha ya kawaida kabisa uwanjani hayaletwi na gololi: ni mguu kuteguka kwenye shimo.

Sasa tuzungumze kuhusu "futi 450", maana hapa ndipo wanaoanza wanapoliwa fedha zao.

Namba hiyo ni mwendo wa gololi inapotoka mtutuni, futi kwa sekunde, na kwa desturi hupimwa kwa gololi ya gramu 0.20. Futi 450 ni mita 137 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo, yaani karibu jouli 1.9. Viwanja vingi huziruhusu bunduki za kawaida kiasi cha futi 350, ambacho ni jouli 1.14, na vingine hadi futi 400, karibu jouli 1.5. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa ufike na bunduki yako mpya, ipitishwe mbele ya kipima mwendo langoni, na uambiwe uirudishe kwenye begi.

Lakini tuseme wamekuruhusu. Je, itafika mbali zaidi? Kidogo sana. Gololi ya gramu 0.20 ni nyepesi kiasi kwamba hewa inainyang'anya nusu ya mwendo wake katika takriban mita 18 za kwanza, na nusu ya kilichobaki katika mita 18 zinazofuata. Ukiirusha bila mzunguko wowote kutoka usawa wa bega, kwa mita 100 kwa sekunde, itagusa ardhi kwenye mita 30 hivi. Ukiongeza mwendo hadi hizo mita 137, itafika kama 35. Umeongeza karibu mara mbili ya nishati, umemzidishia maumivu anayepigwa, umepata mita tano.

Umbali wa kweli unatoka kwenye kitu kidogo ambacho muuzaji hakukutajia: hopapu. Mwanzoni mwa mtutu kuna kipande cha mpira chenye kinundu kinachochomoza kwa juu. Gololi ikipita hapo, upande wake wa juu hukwaruzana na kinundu na kuchelewa kidogo huku wa chini ukitangulia, basi inatoka ikijizungusha kinyumenyume. Mzunguko huo huipa msukumo wa kwenda juu unaopingana na uzito wake. Wanafizikia huuita athari ya Magnus, na ndiyo nguvu ileile inayoupinda mpira wa adhabu ukazunguka ukuta wa mabeki. Bunduki ya jouli 1.1 yenye hopapu iliyorekebishwa vizuri hupiga mtu kwenye mita 45 au 50 bila taabu. Ile ya "futi 450" ambayo hopapu yake haijaguswa itakuwa inachimba ardhi, au inarusha gololi juu ya miti.

Uzito wa gololi nao una kazi yake. Nzito hutoka polepole lakini huushika mwendo wake kwa muda mrefu: ya gramu 0.28 hupoteza nusu kwenye mita 25 hivi badala ya 18, na upepo hauichezei sana. Gramu 0.20 nazionea huruma. Zinafaa kupimia bunduki na kuchezea ndani ya majengo. Kwa uwanja wa wazi anza na 0.25, na ukiona hopapu yako inaweza kuinua zaidi, panda hadi 0.28. Nunua zilizong'arishwa, zisizo na mshono wala kishimo. Kilo moja ya gramu 0.25 ni gololi 4,000, zinazomtosha mtu wa kawaida kwa zaidi ya siku moja ya mchezo. Na tafadhali usiokote gololi za chini ukazirudisha kwenye magazini, kile kisanduku cha gololi kinachochomekwa kwenye bunduki. Chembe moja ya mchanga inauchana mpira wa hopapu, na gololi yenye ufa hupasukia ndani ya mtutu.

Kurekebisha hopapu kunachukua dakika kumi. Simama mahali penye uwazi wa mita 60, pasipo upepo, ukiwa na gololi zilezile utakazochezea. Legeza gurudumu la hopapu hadi mwisho. Shika bunduki sambamba na ardhi, usawa wa bega, fyatua moja moja na uangalie. Gololi itaanguka mapema. Kaza kidogo, fyatua tano, kaza tena. Unatafuta gololi inayokwenda moja kwa moja kama uzi ulionyooshwa, kisha mwishoni inashuka taratibu. Ikipanda mwishoni kama inakwea ngazi, umezidisha; rudi nyuma. Ukikaza kupita kiasi gololi hukwama na bunduki huanza kufyatua hewa. Ukibadilisha uzito wa gololi, unaanza upya.

Swali lako la maumivu: ndiyo, inauma, ila siyo vile watu wanavyotisha. Kwa jouli 1 kwenye mita 20 au 30, ukiwa umevaa shati la mikono mirefu, ni kama kupigwa na mpira wa kufungia noti uliovutwa sana. Kwenye ngozi tupu na kwa karibu huacha alama nyekundu, wakati mwingine uvimbe mdogo wa siku chache. Sehemu zinazouma kweli ni vifundo vya vidole, shingo na masikio, ndiyo maana glavu na skafu nyepesi ni fedha iliyotumika vizuri. Umbali ndio unaobadilisha kila kitu, na kwa sababu hiyo viwanja huweka umbali wa chini wa kufyatua kwa bunduki zenye nguvu. Mdunguzi mwenye bunduki ya jouli 2 na zaidi mara nyingi haruhusiwi kumpiga mtu aliye chini ya mita 30.

Kuhusu bunduki yenyewe: kwa mara ya kwanza, kodisha au azima. Viwanja vingi hukodisha, na baada ya siku mbili tatu utajua kama unapenda kukimbia ndani ya majengo au kujilaza kichakani, mambo mawili yanayodai bunduki tofauti kabisa. Ukifika wakati wa kununua, ziko aina tatu. Ya springi unaikokota kwa mkono kila mfyatuo. Ni rahisi, haina betri, lakini itakuchosha mbele ya wenye bunduki zinazofyatua mfululizo. Ya gesi ina mtikisiko mzuri na sauti ya kuridhisha, ila gesi ikipoa shinikizo hushuka, na siku ya baridi unaweza kumaliza magazini ukiwa na nusu ya nguvu. Ya umeme ndiyo ninayomshauri anayeanza.

Ndani yake mota inazungusha gia, gia zinaivuta pistoni nyuma na kuibana springi, kisha meno ya gia ya mwisho yanakwisha na pistoni inaachiwa. Inasukuma hewa ya silinda kupitia nozeli, na hewa ndiyo inayoitoa gololi. Ukilielewa hilo utaelewa mengi yanayoharibika. Kuweka springi ngumu kuliko iliyokuja nayo, au betri ya volti 11.1 kwenye bunduki iliyoundwa kwa 7.4, ndiyo njia ya haraka ya kung'oa meno ya pistoni na kuunguza swichi ya kifyatulio.

Betri za lithiamu, zile ziitwazo lipo, zinataka heshima. Kila seli hujaa kwenye volti 4.2 na haipaswi kushuka chini ya 3.0, ya volti 7.4 ina seli mbili. Tumia chaja inayosawazisha seli, weka mkondo sawa na ujazo wake (ya miliampia-saa 1,300 kwa ampia 1.3), iweke juu ya kitu kisichoungua, na usiondoke ukaiacha ikichaji. Ukiiweka kabatini iache na volti 3.8 kwa seli na uichomoe kwenye bunduki. Ikivimba, hata kidogo, kazi yake imekwisha. Usiitoboe wala kuitupa jikoni na taka nyingine. Ipeleke wanakopokea betri. Kama hayo yanakuchosha, nunua ya nikeli ya volti 8.4. Ni nzito kidogo na haina haraka, lakini inasamehe.

Siku yenyewe utaelezwa kanuni kabla ya mchezo, na kuna moja ambayo wageni hukosea kila mara: mpangilio wa kuitua bunduki unaporudi eneo la salama. Toa magazini kwanza. Kisha elekeza mtutu ardhini au kwenye pipa la kufyatulia, fyatua mara mbili tatu hadi hakuna kinachotoka, halafu funga kifyatulio na uvike mtutu mfuko wake. Ukifyatua kwanza ndipo utoe magazini, unaacha gololi imekaa tayari ndani, na bunduki inayoonekana tupu ndiyo inayompiga mtu anayekunywa maji bila kinga.

Ukipigwa, paza sauti "nimepigwa!", inua mkono, weka kitambaa chekundu kichwani, ondoka bila kuzungumza na wenzako, aliyekufa hasemi. Ukiwa na shaka kama ilikugusa, ihesabu. Ukiona uliyempiga hajitangazi, usimmiminie mfululizo: huenda gololi iliishia kwenye begi lake au hakuisikia kwenye koti nene. Mwite refa. Usifyatue kwa kunyoosha mkono kwenye kona usipopaona. Na ukimkuta mtu kwa nyuma mita mbili, viwanja vingi hukubali umwambie tu kwamba amekufa, jambo ambalo huwaudhi watu zaidi kuliko gololi.

Sasa lile ambalo mke wako anataka kulisikia. Gololi ikimpata mtu jichoni, mchezo wake umekwisha na safari ya hospitali inaanza, hata kama anasema anaona vizuri. Pigo huweza kuvujisha damu ndani ya jicho bila kuonekana mara moja, na damu hiyo huweza kuanza tena siku chache baadaye. Presha ya jicho na mtoto wa jicho huweza kuja kimyakimya. Asilisugue, asilibonyeze, asitie dawa ya matone. Akae wima, jicho lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi, na asinywe aspirini kwa maumivu. Daktari wa macho amuone siku hiyohiyo. Jino lililovunjika nalo ni la daktari wa meno siku hiyohiyo, ukibeba kipande ndani ya maziwa.

Kabla ya kununua chochote ulizia pia sheria ya unakoishi kwenye kituo cha polisi, kwa kuwa zinatofautiana sana. Japani kikomo cha gololi ya milimita 6 hakifiki jouli 1. Uingereza ni jouli 1.3 kwa bunduki inayofyatua mfululizo na 2.5 kwa ya moja moja. Hiyo ya futi 450, kama inafyatua mfululizo, ingekuwa imevuka kikomo cha sheria katika nchi zote mbili. Popote ulipo, isafirishe ndani ya begi lililofungwa, betri na magazini vikiwa vimetolewa, na usiishike mkononi barabarani wala mlangoni kwako. Jirani hawezi kuona kwamba ni ya plastiki. Polisi naye hawezi.

Kwa fedha kidogo ulizonazo mwezi huu, basi: miwani ya kinga yenye B au Z87+, kinga ya mdomo, viatu, glavu, na mfuko wa gololi za gramu 0.25 kama uwanja haukulazimishi kununua zao. Bunduki kodisha. Wapigie simu wiki moja kabla uwaulize kama wanakodisha, umbali wa chini wa kufyatua ni mita ngapi, na kikomo chao cha nguvu. Wakikujibu kwa futi, waulize ni kwa gololi ya gramu ngapi. Wakikujibu kwa jouli bila kusita, umepata uwanja mzuri.